Haimo, Haikuonekana, Haikupimwa: Kiswahili na Upimaji wa Kemikali Majini

Makala haya yanahusu upimaji wa kemikali ambazo hupatikana kwa kiasi kidogo mno katika maji ya kunywa na katika maji ya asili, yaani ya mito, maziwa, chemchemi na visima. Huenda msomaji wa jarida la lugha akauliza kwa nini tuingie shamba la wanakemia. Jibu letu ni kwamba kazi ya mwanakemia huishia kwenye nambari iliyoandikwa karatasini, lakini nambari hiyo haimfikii mchota maji mpaka igeuzwe kuwa sentensi. Na katika sehemu kubwa ya nchi yetu sentensi hiyo husemwa kwa Kiswahili na afisa wa maji, mwalimu au mwenyekiti wa kamati ya kisima. Nia yetu ni kuonyesha kwamba katika kugeuza huko aghalabu hupotea jambo moja mahsusi, nalo ni tofauti kati ya kitu kisichokuwamo, kitu kisichoonekana na kitu kisichopimwa. Kupotea kwake si upungufu wa lugha. Kiswahili kina zana za kuitunza tofauti hiyo, tena zana za kisarufi zinazofundishwa kila mwaka katika idara zetu.

Yafaa tuanze na neno lenyewe linalotumika zaidi, safi. Katika matumizi ya kawaida maji safi ni yale maangavu, yasiyo na tope, harufu wala ladha ya kuudhi. Vigezo vyote hivyo ni vya milango ya fahamu. Vimewasaidia watu tangu kale kuepa maji ya kinamasi na kuchagua ya chemchemi, na si vya kudharauliwa. Lakini ipo kemikali moja, iliyo kongwe kuliko viwanda vyote, ambayo huvipita vigezo hivi bila kuguswa, nayo ni floraidi. Majini haina rangi wala harufu, na ulimi hautegemewi kuitambua. Maji yenye floraidi nyingi huweza kuwa maangavu kama kioo.

Sisi watu wa Kenya tuna sababu ya kuifahamu. Miamba ya volkano ya Bonde la Ufa huitoa floraidi polepole ndani ya maji ya ardhini, na kwa kuwa maji hayo aghalabu yana kalisi haba, floraidi haipati kitu cha kushikamana nacho ili izame; hubaki imeyeyuka. Katika maziwa yasiyo na njia ya kutokea, jua huondoa maji na kuiacha floraidi ikiongezeka. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1984 ulitaja miligramu 2,800 kwa lita katika Ziwa Nakuru na 1,640 katika Ziwa Elementaita. Hakuna anywaye maji ya maziwa hayo, kwa hivyo nambari zile ni za kustaajabiwa tu. Za kutia wasiwasi ni zile za visima: katika sampuli zaidi ya 1,000 za maji ya ardhini zilizokusanywa nchini, asilimia 61 zilizidi miligramu 1 kwa lita, na karibu asilimia 20 zilizidi miligramu 5. Kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 1984 ni miligramu 1.5. Mtoto anayekunywa zaidi ya hapo kwa kitambo, katika miaka ile ambayo meno yake ya ukubwani bado yanajijenga ndani ya ufizi, huota meno yenye madoa, na kiwango kikizidi sana madoa huwa ya kahawia na jino hubomoka. Kwa miaka mingi ya kunywa maji ya viwango vya juu zaidi, mifupa nayo huathirika. Baada ya umri wa miaka minane hivi, tabaka la nje la meno huwa limekwisha jengeka, na hata maji yakibadilishwa madoa hayafutiki. Ndiyo maana kuchelewa kwa nambari, au kusemwa kwake vibaya, si jambo la wasomi pekee.

Historia ya kugunduliwa kwa chanzo cha madoa haya inafundisha mengi kuhusu upimaji. Mwaka 1901 daktari wa meno kijana, Frederick McKay, alifungua kazi yake katika mji wa Colorado Springs, Marekani, akakuta wenyeji wengi wana meno ya kahawia. Kwa muda wa miaka thelathini alishuku maji bila kuweza kusema ni nini kilichomo. Huko Oakley, katika jimbo la Idaho, wazazi walishauriwa waliache bomba lao na kutumia chemchemi nyingine, na watoto wadogo waliofuata wakaota meno mazuri; hata hivyo maji ya bomba lile yalipochunguzwa kwa njia za siku hizo hayakuonyesha chochote kibaya. Katika lugha ya ripoti, maji yale yalikuwa safi. Kumbe vipimo havikuuliza swali lililotakiwa.

Jibu lilikuja mwaka 1931 kwa njia ya pembeni. Mkemia mkuu wa kampuni ya alumini ya Marekani, H. V. Churchill, alitaka kuthibitisha kwamba madoa ya watoto katika mji wa kampuni ulioitwa Bauxite, jimboni Arkansas, hayakusababishwa na alumini. Maji yalichunguzwa kwa chombo kinachotambua elementi kwa mwanga unaotoka zinapochomwa. Yaliyoonekana yalikuwa ya ajabu kiasi kwamba Churchill alidhani sampuli imechafuliwa, akaagiza nyingine ichotwe kwa uangalifu zaidi. Ile ya pili ikatoa jibu lile lile: floraidi, sehemu 13.7 kwa milioni. Tunapenda kulitilia mkazo agizo lile la sampuli ya pili. Mtu asiyezoea maabara angeweza kuliona kuwa ni ukaidi. Kwa kweli ndilo lililoigeuza dhana kuwa ushahidi.

Sasa tutazame kiasi chenyewe, kwa maana hapa lugha huanza kuteleza. Miligramu 1.5 kwa lita ni miligramu 30 katika mtungi wa lita 20, nazo ni kidogo sana kuliko chumvi unayoibana kwa vidole viwili. Kwa kemikali nyingine hata kipimo hicho ni kikubwa mno. Aseniki, ambayo pia hutoka katika miamba, hupimwa kwa mikrogramu, na kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni mikrogramu 10 kwa lita. Kuifahamu mikrogramu 1 kwa lita, chukua mabauza mia moja ya maji, kila moja likiwa na lita 10,000, kisha uyeyushe ndani ya yote kwa pamoja gramu moja tu ya dawa. Kiswahili cha kila siku husema kiasi kidogo kwa vyote viwili, ilhali tofauti kati ya mili na mikro ni mara elfu moja, na kwa sikio ni silabi moja tu. Wako wanaopendelea kusema sehemu kwa milioni na sehemu kwa bilioni. Hatuwafuati katika hilo la pili. Bilioni ya Waingereza wa kale ilikuwa milioni ya milioni, na ya Wamarekani ilikuwa milioni elfu moja. Serikali ya Uingereza iliikubali rasmi ile ya Kimarekani mwaka 1974 tu. Vitabu vya kabla ya hapo bado vimo maktabani mwetu, na mfasiri asiye makini anaweza kukosea mara elfu kwa kutafsiri sawasawa. Mikrogramu kwa lita haina utata huo.

Je, floraidi hupimwaje? Njia iliyoenea ni ya elektrodi iliyotokana na kazi ya Frant na Ross, iliyotangazwa mwaka 1966. Ni kijiti ambacho ncha yake ni fuwele ya floraidi ya lantani, na fuwele hiyo huruhusu chembe za floraidi zenye umeme kupita huku ikizizuia karibu nyingine zote. Kijiti kikitumbukizwa majini, umeme mdogo hutokea kufuatana na wingi wa floraidi. Kila wingi huo unapozidi mara 10, umeme hubadilika kwa takriban milivolti 59 katika joto la selsiasi 25. Kwa hiyo chombo hakisomi floraidi moja kwa moja. Husoma umeme, kisha mpimaji hulinganisha na umeme wa maji ambayo yeye mwenyewe ametia humo floraidi ya kiasi kinachojulikana. Kila nambari ya maabara, hata ya mashine ya bei kubwa, ni ulinganisho wa namna hii. Zaidi ya hayo, floraidi huweza kuwa imeshikwa na alumini au chuma majini, na elektrodi haioni iliyoshikwa. Hutiwa kwanza myeyusho maalumu unaoitenga na wenzake na kusawazisha uchachu wa maji. Mpimaji akisahau, atapata nambari ndogo, na hakuna kitakachomwonyesha kuwa amekosea.

Hata kabla ya kufika maabara mambo mengi huweza kuharibika. Sampuli ya floraidi huwekwa katika chupa ya plastiki, kwa kuwa floraidi huweza kushambulia kioo. Ile ya risasi na metali nyingine hutiwa asidi kidogo, la sivyo metali hujibandika kwenye kuta za chupa na maji yakaonekana hayana kitu. Tena kuna chupa moja ambayo wageni hushangaa kuiona katika sanduku la mpimaji: imejaa maji yaliyosafishwa maabarani, hupelekwa kisimani, hufunguliwa huko, hurudishwa na kupimwa pamoja na zile nyingine. Wataalamu huiita tupu. Sisi tungependekeza iitwe sampuli shahidi, kwa sababu kazi yake ni kutoa ushahidi juu ya safari: ikikutwa na risasi, basi risasi ile imetoka kwenye chupa, au asidi, au mikono ya mpimaji, wala si kisimani.

Maji hayo shahidi yana kazi nyingine iliyo kubwa zaidi kwa hoja yetu. Yakipimwa mara kumi, chombo hakitoi sifuri mara kumi. Hutoa nambari ndogondogo zinazotangatanga juu na chini, kama vile sokoni hakukosekani uvumi hata pale ambapo hakuna anayekuita. Ili mtu aamini kwamba ameitwa kweli, sauti lazima iupite uvumi huo. Wanakemia wamekubaliana kwa jumla kwamba ishara ikifikia mara tatu ya kutangatanga kule, ndipo waseme kitu kimeonekana. Na ikifikia mara kumi, ndipo wathubutu kutaja kiasi chake. Mpaka ule wa kwanza tutauita kikomo cha kuona, na wa pili kikomo cha kupimia. Kila chombo kina vikomo vyake. Mwenye elektrodi na mwenye mashine ya kisasa wanaweza kuangalia maji yale yale, mmoja asione na mwingine akaona, na wote wawili wakawa wakweli.

Hapo ndipo sarufi inapoingia. Ripoti ya maabara huandika alama ya chini-ya mbele ya nambari, kwa mfano < 5. Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamili ng'ambo nilikuwa nikiona alama hiyo katika taarifa za maji ya mfereji, nikaipita bila kufikiri. Ni baada ya kurudi na kusikia taarifa kama hizo zikifafanuliwa kwa Kiswahili mkutanoni ndipo nilipotambua kwamba alama ile ni sentensi nzima. Mfafanuzi husoma < 5 na kusema, "Hamna." Kiambishi -m- cha hamna na -mo ya haimo vinadai mahali pa ndani: vinasema kwamba ndani ya maji, kila pembe, kitu hakipo. Hakuna mwanakemia duniani awezaye kudai hivyo. Alichosema ni haikuonekana. Kitenzi hiki kimejengwa juu ya ona, na hivyo kinamkumbusha msikilizaji kwamba palikuwa na jicho, na jicho lina mpaka wake.

Kuna pia tofauti nyembamba zaidi kati ya haikupimwa na haikupimika. Kauli ya kutendwa hukubali kutajwa kwa mtendaji: tunasema haikupimwa na maabara, na sentensi ni sawa kabisa. Kauli ya kutendeka humkataa mtendaji. Haikupimika na maabara ni sentensi inayokwaruza sikio la kila mzawa wa lugha. Basi haikupimwa inasema kuna mtu ambaye angeweza kupima na hakupima, kwa sababu ya gharama, au muda, au kutofikiria. Haikupimika inasema hali yenyewe haikuruhusu. Kile kiasi kilicho kati ya vikomo viwili, ambacho kimeonekana lakini hakiwezi kutajiwa nambari, kinaelezwa barabara kwa maneno mawili: imeonekana, haikupimika. Lugha nyingi zingehitaji aya nzima.

Kwamba kukosea hapa kuna gharama tunaona Bangladesh. Katika miaka ya 1970 na baadaye, visima vya bomba vilichimbwa huko kwa wingi mno, kwa msaada wa UNICEF na wengine, ili watu waache maji ya madimbwi yaliyoleta maradhi ya kuhara. Maji ya visima hivyo yalikuwa maangavu, na kwa upande wa vijidudu yalikuwa bora. Mwaka 1992 shirika la jiolojia la Uingereza lilitoa ripoti ya maji ya ardhini ya sehemu za nchi hiyo. Elementi kadhaa zilipimwa, lakini aseniki haikuwa miongoni mwazo. Mwaka uliofuata aseniki ikathibitishwa visimani, na baadaye ikadhihirika kwamba mamilioni ya watu walikuwa wakiinywa. Mwanakijiji mmoja alilishtaki shirika hilo nchini Uingereza, hoja yake ikiwa kwamba ripoti ile iliwafanya watu waamini maji yanafaa kunywewa. Mwaka 2006 mahakama ya juu ya nchi hiyo, ambayo wakati huo ilikuwa katika Baraza la Malodi, ilikataa dai lake, ikiona kwamba watafiti wale hawakuwa na wajibu wa kisheria kwa wanywaji wa maji wasiokuwa chini ya usimamizi wao. Hatuna uwezo wa kuhukumu sheria. Kwa upande wa lugha, hata hivyo, kesi nzima ilizunguka kimya: orodha isiyotaja aseniki ilisomwa kana kwamba imesema haimo, ilhali ukweli wake ulikuwa haikupimwa. Neno moja katika safu moja lingetosha kumwamsha msomaji.

Baadaye visima vya huko vilipakwa rangi, nyekundu kwa vyenye aseniki ya kuzidi na kijani kwa vingine. Ni lugha ya maneno mawili, na ilisaidia wasiojua kusoma. Lakini kiwango cha Bangladesh kilikuwa mikrogramu 50 kwa lita, si 10. Kwa hivyo kisima cha mikrogramu 30 kilipakwa kijani huko, na kwa kiwango cha Shirika la Afya Duniani kingekuwa chekundu. Rangi haina nafasi ya kuandika "kwa kadiri ya kipimo fulani". Sentensi inayo.

Tuseme kidogo kuhusu istilahi. Kiasi kinachozungumziwa hapa kingeweza kuitwa athari, na kwa asili ya Kiarabu neno hilo lingefaa sana, maana lilibeba dhana ya alama iliyobaki nyuma. Lakini Kiswahili kimekwisha lichukua kwa maana ya matokeo au madhara, na mtu akisema kuna athari za risasi majini ataeleweka kwamba tayari watu wameumwa. Chembechembe ndilo neno linalopendwa na waandishi wa magazeti, nalo tunaliona la hatari kuliko linavyosikika. Chembechembe hushikika, huchujwa kwa kitambaa. Msikilizaji aliyeambiwa maji yake yana chembechembe za floraidi atayachuja, kisha, kwa kuwa amefundishwa vyema kliniki, atayachemsha. Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi floraidi. Mvuke huenda zake na floraidi hubaki katika maji yaliyopungua, ikiwa imezidi kidogo. Sisi tungesema floraidi iliyoyeyuka, na kwa kiasi chenyewe tungesema kiasi kiduchu. Neno kiduchu lina harufu ya sokoni, tunakiri, lakini halidanganyi.

Floraidi huondolewa kwa njia nyingine. Mojawapo, iliyoendelezwa na Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, ni mkaa wa mifupa ya ng'ombe: mifupa huchomwa tanuuni kwa hewa haba, huvunjwavunjwa, na maji hupitishwa humo. Mkaa huo hushika floraidi mpaka ushibe. Ukishashiba, maji huendelea kupita yakiwa maangavu vile vile, kwa ladha ile ile, na floraidi yake yote. Hakuna jicho wala ulimi utakaojua siku hiyo imefika; elektrodi ndiyo itakayojua, ikiwa imetumbukizwa.

Kwa sababu hiyo karatasi ya matokeo inayobandikwa penye bomba yafaa iandikwe kwa sentensi kamili na tarehe. Tunatoa mfano wa kubuni: "Maji haya yalichotwa tarehe 4 Machi, baada ya kupita kwenye mkaa. Floraidi: miligramu 0.9 kwa lita. Kiwango ni 1.5. Aseniki: haikuonekana, chombo chetu hakioni chini ya mikrogramu 5 kwa lita. Zebaki: imeonekana, haikupimika, itapimwa tena. Risasi: haikupimwa." Mhakiki mmoja wa rasimu hii ameona mstari wa mwisho utawatisha watu bure na kwamba ungeachwa. Hatukubaliani naye. Mstari huo unawapa kamati ya kisima swali la kumwuliza afisa wa maji atakapokuja tena. Na karatasi ya mwezi Juni, mkaa ukiwa umezeeka miezi mitatu, ibandikwe kando ya hii ya Machi, wala hii isibanduliwe, ili asomaye aone nambari ya floraidi inaelekea wapi.